Iftimie Aliyebakiza Mke Tu Awe Kasisi

Ukiingia kanisa la Fundoaia siku ya Jumapili, utamsikia mtu kabla hujamwona. Sauti inatoka upande wa kulia, kwenye kibanda cha waimbishaji, nene na tulivu kama ya mtu anayeongea na ng'ombe wake. Huyo ni Iftimie Rusu. Wageni wengi humbusu mkono wakidhani ndiye kasisi, maana ana ndevu nzuri na tumbo la kuheshimika. Naye huurudisha mkono wake taratibu na kuwaonyesha kasisi mwenyewe, mtu mwembamba anayekaribia kupotea nyuma ya mshumaa. Mimi huwaambia wageni hao wasione haya, hawajakosea sana. Iftimie alibakiza mke tu awe kasisi. Na mke akampata. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengemaa, inategemea umemuuliza nani.

Mimi ni fundi wa majiko. Nasema yale majiko makubwa ya udongo ya huku kwetu Bukovina, yanayojengwa na ukuta, yanapika, yanapasha nyumba joto, na juu yake pana nafasi ya bibi kulala theluji ikianguka. Kazi hii haina duka. Nabeba mwiko na timazi, naenda kijiji hadi kijiji, na nyumba inayojengewa jiko hunilisha mpaka udongo ukauke. Shule niliacha mapema, lakini nimesoma jikoni. Ukikaa wiki moja kwenye jiko la watu utajua nani anampenda nani, nani anajifanya, na nani huficha jibini mgeni akibisha hodi.

Ndiyo maana mama yake Iftimie alinifuata mimi.

Huyo mama aliitwa Casandra. Alikuwa mjane mfupi, mwepesi kama cherehani, na alikuwa na mtoto mmoja. Mtoto huyo alipougua kifua akiwa na miaka minne, Casandra alipiga magoti mbele ya picha ya Mama wa Mungu akaahidi kwamba akipona atamtoa awe kasisi. Akapona. Tangu siku hiyo mtoto hakuulizwa tena anataka kuwa nani. Na tuseme ukweli, hakuonekana kukasirika. Aliipenda ibada, aliipenda harufu ya ubani, na sauti alikuwa nayo. Alisoma seminari mjini miaka mitano, akarudi na cheti, koti jeusi na ndevu changa.

Wakati huo, mwaka wa pili baada ya wakomunisti kuangushwa nchini, makanisa yalikuwa yamejaa watu tena lakini makasisi hawatoshi. Kasisi mzee wa Fundoaia alikuwa amefariki majira ya baridi. Askofu akamwambia Iftimie kwamba parokia ya kijiji chake inamngoja yeye, ila aoe kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwishoni mwa Oktoba, na siku hiyo atamwekea mkono.

Kwetu kila mtu anaijua sheria hii kama anavyojua njia ya kisimani. Kasisi huoa kwanza, kisha huwekewa mkono. Akishawekewa mkono bila mke, habari ya mke imekwisha. Na huyo mke awe msichana ambaye hajaolewa. Mwanamke aliyeachika hawezi kuwa mke wa kasisi, na mjane pia hawezi. Hakuna kubembeleza.

Basi Casandra alinikuta napanga vigae kwa jirani, akaniambia kwamba mimi nimeingia katika kila nyumba ya bonde hili, kwa hiyo nimchukue mwanawe nizunguke naye kazini. Yeye atanisaidia kubeba matofali, na mimi nimwonyeshe mabinti bila watu kujua. Nilicheka. Bila watu kujua! Ukipita Fundoaia na kijana aliyetoka seminari, hata bata wanajua anatafuta nini. Lakini ugali wa Casandra ulikuwa mzuri, na malai ya maziwa hakumpimia mtu, nikakubali.

Tukaanza baada ya sikukuu ya Petro na Paulo, mwishoni mwa Juni. Kila nyumba tuliyoingia, jiko lilikuwa la mwisho kutazamwa. Baba mmoja alituonyesha trekta, akazunguka nalo uani mara mbili huku binti yake akijificha kwenye banda la nguruwe kwa aibu. Mama mwingine alitupikia nyama iliyoviringwa kwa majani ya kabichi katikati ya mfungo, akatubu siku hiyohiyo, akatupakulia tena. Lakini tatizo halikuwa mabinti wala mama zao. Tatizo lilikuwa Iftimie. Alikuwa anawauliza wasichana maswali kama karani wa sensa. Je, utaweza kuamka mapema siku zote za mfungo? Je, watu wakija msibani saa yoyote, utawapokea? Je, unajua kuoka mkate wa madhabahu? Msichana mmoja, mwenye mdomo wake, alimjibu kwamba anajua, na pia anajua kutengeneza sabuni, kama anataka aandike na hilo.

Njiani nikamwuliza, kijana, unaoa au unaajiri?

Akaniambia kwa upole kwamba mimi sielewi. Mungu amemwita. Mke ni sehemu ya wito, lazima awe anafaa. Nikaongeza mwendo. Mtu ana cheti, mimi nina mwiko.

Katikati ya Agosti tukapanda juu kabisa ya bonde, ng'ambo ya mto, kwa bibi mmoja aitwaye Ruxanda. Nilimwambia Iftimie kwamba huko hakuna msichana, ni jiko tu, limepasuka dohani. Haki ya Mungu, nilidhani anajua nyumba ile ina nani. Nilisahau kwamba yeye alikuwa mjini miaka mitano.

Bibi Ruxanda alikuwa amevunjika nyonga na hakutembea tena. Alikuwa kitandani karibu na dirisha dogo, na kwa kuwa miguu ilikataa, kazi yote ilihamia mdomoni. Aliyemtunza ni Varvara. Tulimkuta uani akikanyaga udongo wa jiko, sketi ameikunja hadi magotini, miguu imejaa matope na makapi na mavi ya farasi, maana udongo wa jiko bila mavi ya farasi hupasuka. Kichwani alifunga kitambaa kikuukuu cha maua mekundu, kile cha kazi.

Alimwambia Iftimie kwamba kama amekuja kutazama, gogo la kukalia lile pale. Kama amekuja kusaidia, avue viatu.

Akavua. Nilikuwa juu ya paa, masizi mpaka masikioni, nikawaona wanazungukana ndani ya matope kama watu kwenye ngoma ya harusi, hawashikani mikono. Siku ile nzima hakuuliza swali hata moja la sensa. Alimwuliza Varvara kwa nini majani ya miplamu yake yanageuka njano upande mmoja. Varvara akamwuliza kama huko seminari wanafundishwa kula kimyakimya, maana anatafuna kama farasi. Bibi Ruxanda naye anapaza sauti toka dirishani: udongo hautoshi maji, udongo umezidi maji, kijana anakanyaga kama bata bukini, kijana ana miguu mizuri kwa mtu wa kanisa.

Siku ya pili alifanya jambo ambalo sikulipa uzito wakati ule. Bibi alikuwa akilalamika kwamba kupitia dirisha lile anaona nusu ya mti mmoja na tako la mbuzi. Iftimie akanawa mikono, akaingia ndani, akamkalisha bibi kwenye kiti, akambeba na kiti chake, akamtoa hadi chini ya miplamu. Basi. Bibi alikuwa hajatoka nje tangu theluji iliyopita. Akakaa pale mpaka jua likageuka, hakusema neno, na kwa yule bibi hilo lilikuwa jambo la kuogopesha. Varvara aliacha kazi, akasimama mlangoni, akajifuta macho kwa mkono wenye udongo.

Hapo ningepaswa kusema. Varvara alimwita bibi "mama", bibi akamwita Varvara "mwanangu", na Iftimie akaamini kile ambacho mtu yeyote angeamini: mama na binti yake. Mimi nilikuwa najua. Lakini nilikuwa nimeshiba, jiko linavuta moshi vizuri, na sikutaka kuharibu siku. Uzembe wa namna hiyo nimeufanya mara nyingi maishani, ila huo ndio ulionigharimu usingizi.

Jumapili iliyofuata kasisi wa kijiji cha jirani alikuja kutuongozea ibada. Mwishoni kulikuwa na kumbukumbu ya marehemu. Iftimie ndiye aliyeimba. Kwetu, mwenye marehemu husimama katikati ya kanisa na sinia la ngano iliyochemshwa kwa asali, mshumaa umechomekwa katikati yake. Iftimie aliimba vizuri, macho kwenye kitabu, akafika mahali pa kuwageukia watu. Akageuka. Aliyeshika sinia alikuwa Varvara, amejifunga kitambaa cheusi cha mjane, kile ambacho hakutaka kukichafua kwa udongo. Ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa tatu ya mumewe Mihail, mwana pekee wa bibi Ruxanda, aliyeangukiwa na mti msituni.

Iftimie akakwama. Kanisa zima likangoja. Wazee wa kike wakaguna kwa huruma, wakasema kijana ana moyo laini, huyu atakuwa kasisi wa kweli. Kisha akavuta pumzi akamalizia, na sijawahi kusikia wimbo wa wafu ukiimbwa namna ile.

Nje ya lango akanishika mkono.

"Fundi, ulijua."

"Nilijua."

"Na ukaniacha nikanyage udongo siku nne."

Akauachia mkono wangu, akaondoka peke yake.

Hakurudi ng'ambo ya mto. Casandra, ambaye alinusa kitu bila kuambiwa, akaharakisha mambo. Ndani ya wiki mbili alikuwa amemtafutia binti wa mwalimu mkuu, Eufrosina. Na nisiseme vibaya, alikuwa binti mzuri sana, mwenye adabu na elimu, mkate wa madhabahu alikuwa akiuoka tangu akiwa na miaka kumi. Yuko tayari, wazazi wako tayari, harusi ipangwe mwanzoni mwa Oktoba. Casandra alishashona kanzu ya kikasisi na kuitundika mlangoni. Ukiingia kwake lazima uisukume kwa mkono ndipo uione meza.

Sasa angalia mahali kijana alipofika. Kulia, kanisa lake, mama yake, askofu, kijiji kizima kinachomwita "baba" kwa utani na kinachomngoja kwa kweli. Mke yupo, anafaa, wa kulaumiwa hayupo. Kushoto, mwanamke mmoja mwenye kitambaa cheusi na bibi mlemavu. Hakuwa na namna ya kuvichukua vyote viwili. Akikosea huku au huku, hakuna kurudi nyuma.

Alikonda. Akawa anasali sana na kuimba vibaya. Mwisho akasikia naenda monasteri ya mlimani kutengeneza jiko la Baba Nektarie, lililokuwa likitoa moshi kwa mbele, akasema twende wote.

Baba Nektarie alikuwa mtawa mzee sana, ambaye watu walimwendea kwa ajili ya kitubio kutoka mbali. Tulimkuta amekaa kwenye ngazi anachambua maharage ya majira ya baridi. Akampa Iftimie sinia lake achambue, mimi nikaingia ndani na tochi, mlango ukabaki wazi. Iftimie hakujali kwamba nasikia. Aliongea muda mrefu. Mapenzi ya Mungu ni yapi? Je, ule wito wa tangu utotoni ulikuwa wa Mungu au wa mama? Je, yule mwanamke ni jaribu la Shetani, au ni zawadi? Atajuaje? Aliyachambua hayo vizuri kuliko maharage, maana niliona mabovu mengi amepitisha.

Mzee akamwuliza wiki hii amemsaidia nani.

Iftimie akafikiri. Akakiri kwamba hakumsaidia mtu, alikuwa anautafakari wito wake.

"Na kabla ya hapo?"

Ikabidi aseme habari ya udongo, na ya bibi aliyetolewa nje kwa kiti. Mzee akaacha maharage.

"Nani alikutuma umtoe nje?"

"Hakuna, baba. Alikuwa analalamika tu."

"Ulifunga kwanza? Ulisali ujue kama ni mapenzi ya Mungu?"

"Hapana. Nilinawa mikono."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, nikatoka kumpa maji. Akisha kunywa akasema polepole, na maneno haya nayakumbuka kwa sababu niliyarudia moyoni njia nzima ya kushuka: "Mwanangu, ukiwa kasisi kazi yako itakuwa kuwapenda watu hawa ambao Mungu amekupa. Usipokuwa kasisi kazi yako itakuwa kuwapenda watu hawahawa. Hilo huhitaji kuliuliza. Unaloniuliza mimi ni habari ya mavazi."

Iftimie akatoa haragwe bovu moja. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba anayapenda hayo mavazi.

"Najua. Ndiyo maana ukiyaacha itauma, na usijidanganye kwamba haitauma. Lakini binti wa mwalimu usimfanye ngazi ya kupandia madhabahuni. Naye anaitwa, mwache aitwe na mtu anayemtaka."

Zaidi ya hapo hakusema. Hakumwambia oa wala usioe. Alimrudishia sinia achambue upya.

Asubuhi iliyofuata Iftimie akaenda kwa Eufrosina akamwambia ukweli wote, akiwa amesimama, kofia mkononi. Nilisikia baadaye kwamba Eufrosina alimsikiliza mpaka mwisho, akasema alishajua, kwa kuwa kila alipomtembelea alikuwa anatazama ng'ambo ya mto. Kisha akamwambia aondoke kabla baba yake hajarudi. Ninamheshimu binti yule mpaka leo. Ameolewa mjini Suceava na daktari wa mifugo, na mafuta ya mguu ninayopaka ni mumewe aliyenipa.

Kutoka hapo akavuka mto. Mimi nilikuwepo, nimekwenda kuangalia kama jiko halijapata ufa. Alimkuta Varvara anaanika plamu, akasema alilokuja kusema. Hakulipamba.

Varvara aliendelea kupanga plamu kwenye kichanja, moja moja.

"Hapana," akasema. "Sitaki kuwa mwanamke aliyekinyang'anya kijiji kasisi wake. Ng'ombe akifa watasema ni mimi. Mvua ikikosa watasema ni mimi. Na miaka kumi ikipita, siku moja jiko litatoa moshi, utanitazama, na wewe utasema ni mimi."

"Sitasema."

"Utafikiri. Na huyu mama simwachi. Nilimwahidi Mihail."

"Nani kakuambia umwache?"

Hapo bibi Ruxanda akaingilia, toka ndani, juu ya jiko jipya ambako Varvara alishamhamishia. Alisema mwanawe amezikwa, lakini yeye masikio yake hayajazikwa, na kama wanataka kumjadili wamwombe ruhusa. Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika, "Makasisi watatu wamepita nyumba hii. Wote wameninyunyizia maji ya baraka, na mimi nashukuru. Mmoja tu ndiye aliyenitoa nje, na huyo hata si kasisi. Varvara, mwanangu, Mihail angekuwa na akili angekuambia hivihivi. Lakini hakuwa nayo nyingi, Mungu amrehemu, ndiyo maana nasema mimi."

Varvara akacheka na kulia kwa pamoja. Hakusema ndiyo. Alimpa Iftimie sharti. Aende kwanza amwambie mama yake, kisha aende kwa askofu kwa miguu yake mwenyewe, si kwa barua. Akirudi akiwa na uso huuhuu, watazungumza.

Kwa mama yake ndipo palipokuwa pagumu. Casandra alimsikiliza akiwa ameshika ile kanzu, akiitoa nyuzi ambazo hazikuwepo. Alipomaliza akasema kitu kimoja tu, kwamba aliahidi mbele za Mungu. Na mwanawe akamjibu, mimi nimeambiwa na mwenyewe:

"Uliahidi kunitoa, mama. Umenitoa. Usimpangie tena aliyenipokea."

Akamfukuza. Hakuongea naye mpaka Krismasi. Askofu, kwa upande wake, alimgombeza saa nzima, akahesabu miaka mitano ya seminari kidole kwa kidole, akamwonya kwamba mlango huu ukifungwa umefungwa. Iftimie akasema anaelewa. Askofu akatazama dirishani, akauliza nani huko Fundoaia anajua nyimbo zote za mwaka. Iftimie akasema ni yeye tu. Basi, akasema askofu, atakayeletwa kuwa kasisi atahitaji mtu wa kumwimbishia. Akaandika karatasi pale pale.

Walifunga ndoa siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitri. Siku yenyewe ya sikukuu, saa ambayo angewekewa mkono, Iftimie alikuwa anapasua kuni uani kwa bibi Ruxanda. Nilimwona. Alipasua rundo lote, akaendelea kupasua vipande vilivyokwisha kupasuliwa, mpaka Varvara akatoka, akachukua shoka bila kusema kitu, akampa mkono wake badala yake.

Kijiji kilinuna. Kulikuwa na walioacha kumsalimia. Mzee mmoja alinitemea mate miguuni kwa kuwa mimi ndiye niliyempandisha juu. Majira ya kuchipua kasisi mpya akaja, mtu mwema, ameoa, watoto wawili, lakini Mungu hakumpa sikio. Jumapili ya kwanza aliimba kwa sauti ambayo mbwa waliijibu. Iftimie akamshika toka kibandani, akaishusha sauti yake chini ya ile ya kasisi kama mtu anayeweka mkono chini ya kiwiko cha mgonjwa, wakafika mwisho salama. Baada ya hapo akawa anamfundisha kila Alhamisi. Watu waliona. Kununa kukaanza kuchosha.

Casandra yeye alikuja mapema, Krismasi ya mwaka ule ule wa harusi, theluji imefika magotini, na sufuria ya nyama ya majani ya kabichi chini ya koti. Hakumpa mwanawe wala mkwe. Alimpa Ruxanda. Wale wajane wawili walikaa juu ya jiko kutwa nzima wakiwasema vibaya vijana, na kabla giza halijaingia walikuwa marafiki. Ruxanda alipofariki, miaka sita baadaye, aliyelia kuliko wote kaburini alikuwa Casandra. Iftimie na Varvara wakamhamishia kwao ng'ambo ya mto, akalala mahali pale pale palipokuwa pa mwenzake.

Miaka imekwenda. Walipata binti mmoja, yuko Italia anafanya kazi, anatuma picha. Ukimtafuta Iftimie siku ya kazi hutampata nyumbani. Anachimba makaburi, maana vijana wameondoka na hakuna wa kuchimba. Anawasomea sala wanaokufa, na kama kasisi yuko mbali humshika mtu mkono mpaka afike. Akisikia mtu hajatoka nje tangu theluji, anakwenda na kiti. Varvara huimba naye kibandani siku hizi. Sauti yake ni nyembamba, lakini anajua kuhesabu pumzi.

Mwaka juzi nilirekebisha dohani yao, tukakaa nje tunakula mkate na jibini. Nikamwuliza kile ambacho mtu hamwulizi rafiki mpaka wote wawili wawe wazee. Nikamwuliza kama anajuta.

Alitafuna kwanza. Varvara alisema kweli siku ile ya udongo, anatafuna kama farasi.

"Kila Jumapili, fundi," akasema. "Kasisi anapoinua kikombe madhabahuni. Hapa," akagusa kifua, "panabana. Hapajawahi kuacha kubana."

"Miaka yote hii?"

"Miaka yote. Zamani nilidhani ni Mungu ananiambia nilikosea. Sasa nafikiri ni kwamba nilikuwa nakipenda kweli kile kikombe, na nikapewa kitu kingine, nacho nikakipenda zaidi. Mtu anaweza kubanwa kifua na akashukuru. Si lazima uchague moja."

Varvara akapaza sauti toka ndani kwamba mzee Ilie wa darajani amezidiwa, kasisi yuko Suceava, na kama tumemaliza kula tuseme. Iftimie akafunga jibini iliyobaki kwenye kitambaa, akaitia mfukoni kwa ajili ya mke wa mzee, ambaye siku kama hizo husahau kula, akaanza kuteremka. Nilimsikia akijaribu sauti ya sala njiani, chini chini, akitafuta mahali pa kuanzia.